Mmea wa Nane Kando ya Jiwe

Mimi ni mtu wa kushuku. Nalisema mapema ili asije mtu akanisema baadaye. Nikiletewa samaki mlangoni, naliinua shavu lake nione wekundu kwanza, ndipo niitikie salamu ya aliyemleta. Nikisifiwa, najiuliza anayenisifu ataomba nini. Marehemu baba alikuwa akisema nilizaliwa jicho moja wazi, na shangazi zangu, ambao wao wenyewe hawakuwa wakimwamini hata mwadhini kwa saa, walikuwa wakicheka mpaka wakishika mbavu.

Nafanya kazi katika maabara ya shule moja ya sekondari huku Kwale, juu kilimani. Si mwalimu. Mimi ndiye ninayetayarisha kemikali kabla mwalimu hajaingia, ninayeosha mirija wanafunzi wakishatoka, na ninayehakikisha kwamba kila hadubini imerudi kabatini na lenzi zake zote. Kazi hiyo inataka mtu wa aina yangu. Tangu niingie haijapotea lenzi hata moja.

Hadubini ndizo zilizonipeleka kwenye kuvumwani. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nikizisafisha moja moja. Nilitaka kitu cha kujaribia taa, nikabandua kipande cha ule ukijani unaoota nyuma ya tangi la maji, nikakiweka chini ya lenzi. Nikavuta kiti. Kumbe ule uchafu tunaousugua kwa brashi una majani, na jani lenyewe ni jembamba hata mwanga hupita, na ndani yake kuna vyumba vidogo vidogo vilivyopangwa kama mkeka wa mtu mwenye subira. Watu wa kwetu hata jina la kuafikiana hawana. Wengine husema kuvumwani, wengine kuvu la mawe, na wengi hawasemi kitu, huteleza tu wakaanguka.

Toka siku hiyo nikawa nazikusanya. Nilijifunza kukunja bahasha za magazeti, kuanika, kuandika lebo: mahali, tarehe, imeota juu ya nini, iko juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari, imezungukwa na mimea gani, na mwisho kabisa jina la aliyekusanya. Sanduku la viatu likajaa, likaja la pili. Mwaka mmoja akaja mgeni msomi, mwanamume mcheshi, akakaa maabarani siku mbili akizipitia bahasha zangu na kunisifu. Aliondoka na moja. Aliniambia ataitazama vizuri kwenye hadubini kubwa. Baadaye niliona orodha yake kwenye simu ya mwalimu wa biolojia. Kuvumwani yangu ilikuwamo, na mahali pa mkusanyaji palikuwa na jina lake. Chini, kwa herufi ndogo, waliandika kwamba alisaidiwa na mwenyeji mmoja.

Mwenyeji mmoja! Niliisoma sentensi hiyo nikasikia masikio yananichoma. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, basi mimi tangu siku hiyo kila anayeniuliza habari za kuvumwani namwona ameshika ung'ongo mkononi.

Nyumba ya mama iko nje kidogo ya mji, pale njia ya vumbi inapoanza kuteremkia msituni. Chini ya nyumba kuna chemchemi. Nimeteka maji pale tangu sijui kufunga kanga, mpaka mifereji ilipofika watu wakaacha kushuka. Mama hakuacha. Maji ya mfereji, alisema, yana harufu ya bomba, na kila alfajiri alishuka na ndoo yake ndogo na kata. Aliacha mwaka juzi, magoti yalipomshinda. Tangu hapo mimi ndiye ninayemtekea maji ya kunywa siku ya Jumamosi.

Jumamosi moja baada ya masika nilikuwa nimeinama nateka, jua likapenya majanini na kuangukia jiwe kubwa lililo upande wa juu wa maji. Mgongoni mwa jiwe hilo palikuwa na kuvumwani pana kama sinia la pilau, ya kijani kilichoelekea dhahabu, na vinyuzi vyekundu vimesimama juu yake. Nimelipita jiwe hilo maisha yangu yote. Nimelikalia. Lakini nilikuwa sina macho ya kuvumwani wakati huo, na macho yalipokuja nilikuwa nikiyapeleka mbali, kwenye maporomoko na magogo ya ndani msituni, kwa sababu nani hutafuta ajabu pale anapoosha vyombo?

Nilichukua kipande cha ukubwa wa ukucha. Kule maabarani nilikilowesha, nikalitenga jani moja kwa kibanio, nikalilaza kwenye tone la maji. Ukingo wake ulikuwa na meno. Mshipa wa katikati ulikoma kabla haujafika nchani. Kila chumba kilikuwa na kipele kimoja, kimoja tu, na kipele hicho ndicho kilichonifanya nirudi kitabuni mara nne. Kitabu kilisema ni kuvumwani ya milimani. Hukaa kule ambako mawingu hulala mitini mpaka saa nne asubuhi: Taita, Usambara, mabega ya Kilimanjaro. Sisi hapa Kwale tuna ubaridi wa kuwaringia watu wa Ukunda, lakini huo si mlima, ni kilima chenye majivuno.

Nikajishuku mwenyewe kwanza. Nilibadilisha hadubini. Nilirudi na kipande kingine. Jibu lilikuwa lile lile.

Kuna mtaalamu mmoja huko mjini, mwanamke mdogo kwangu kwa miaka mingi, ambaye kazi yake ni kutunza mimea iliyokaushwa. Mwalimu wa biolojia alinipa namba yake. Nilimtumia picha tu, kwani kipande chenyewe sikukusudia kitoke mkononi mwangu. Alijibu siku ile ile: "Una uhakika bahasha hazikuchanganyika?" Nilikasirika nusura niitupe simu. Halafu nikafikiri kwamba mimi mwenyewe ningeuliza hivyo hivyo, nikapunguza hasira, ingawa sikuimaliza.

Tuliandikiana wiki nzima. Mwishowe alisema kwamba kwa anavyoona ni yenyewe, na kama ni yenyewe basi haijawahi kuandikwa popote huku pwani, na rekodi ya kwanza itakuwa yangu. Aliandika hivi, na maneno hayo nimeyahifadhi mpaka leo: "Jina litakaloandikwa ni lako peke yako."

Sitaki kujifanya sikuyajali. Niliyasoma nikiwa nimesimama, nikayasoma nimekaa. Miaka yote ile ya magazeti na masanduku ya viatu, na jina langu halijaandikwa popote isipokuwa kwenye orodha ya wafanyakazi na kadi ya kliniki. Nilikitaka kitu hicho. Nilikitaka kama mtu anavyotaka maji mchana wa Ramadhani, yaani kimya kimya na kila dakika.

Aliniomba jambo moja. Niende jiweni nikamwandikie kila mmea ulio ndani ya hatua tatu. Nilienda na daftari, nikapiga hatua tatu kila upande, nikaandika. Tangawizi-mwitu. Kangaga wa aina mbili. Mtambaa wenye majani ya moyo. Mche wa mkuyu. Nyasi za kivulini. Na ule mmea wa maua meupe ambao sijui jina lake nikauchora. Mimea saba. Nilimtumia, naye akajibu kwamba orodha ni nzuri.

Wiki zilizofuata, kuvumwani ikaanza kupungua.

Kwanza nilidhani macho yangu. Kisha nikaipima kwa kiganja. Lile sinia likawa sahani, na kingo zake hazikuwa za kijani tena. Nikajua hapa pana mtu. Nani alijua? Mwalimu wa biolojia alijua. Mtaalamu alijua, na picha zangu anazo, na mahali nilikuwa nimemtajia, mpumbavu mimi. Askari wa msitu huipita njia ile na bunduki yake na redio yake, na nilikuwa nimemwona akisimama pale kunywa maji muda mrefu kuliko kiu ya mtu. Na jirani wa mama, mwanamke wa maneno matamu, aliyeniuliza kwa nini siku hizi naenda chemchemini na miwani.

Nilichukua uzi mwekundu, nikauzungusha kwenye kingo za kuvumwani na kuubana kwa vijiwe. Jumamosi iliyofuata uzi ulikuwa pale pale, hata kijiwe hakikusogea, lakini kuvumwani ilikuwa imerudi nyuma ya uzi kwa upana wa kidole. Mtu mwenye akili timamu angesema basi hakuna aliyeigusa. Mimi nilisema mwizi huyu ni hodari.

Mama naye akaanza maswali. Nikimletea maji huuliza, "Kule chini kukoje?" Namwambia kuzuri. "Jiwe limekauka?" Namwambia mawe hukauka, mama, ni kiangazi. Nilijua mwanamke wa magoti mabovu hana haja ya habari za jiwe. Nikahisi jirani ndiye anayemtuma aulize. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia, nikawa namjibu mama yangu mzazi kwa tahadhari kama mtu aliye kizimbani.

Shaka ikanishukisha mpaka Diani. Kando ya barabara kuna muuza maua, kijana wa bara, ambaye huzipeleka hotelini okidi zilizoning'inizwa kwenye vikapu. Mwalimu mmoja aliniambia vikapu vile hutandikwa kuvumwani ili mizizi isikauke. Siku hiyo sikulala mchana. Nilifika kwake nikiwa na maneno tayari, nikakiinua kikapu cha kwanza bila salamu na kupekua chini yake.

"Madam, kwani umepoteza nini?" akauliza.

"Hii uliyotandika umeitoa wapi?"

"Si ni makumbi tu, madam. Makumbi ya nazi. Nachambua mwenyewe hapa nyuma."

Na kweli yalikuwa makumbi. Nilipekua cha pili na cha tatu, makumbi. Akaniletea kiti. Akaniuliza kama nimekunywa maji, maana jua lilikuwa kali, kisha akasema kwa upole kwamba mama yake kule kwao naye ana presha, na akipatwa huwa hivi hivi. Niliona haya mpaka vidoleni. Nilinunua mche wa waridi nisiouhitaji, nikapanda gari Kombani na kurudi Kwale nikiwa nimeupakata, na njiani nikaanza tena kumfikiria askari wa msitu.

Mtaalamu alinitaka nimtumie kipande kwa basi. Nilikataa. Akaniuliza sababu, nikamwambia kifurushi kinaweza kupotea. Nadhani aliielewa sababu yenyewe, kwa sababu hakubishana. Alisema atakuja mwenyewe, akaitaja siku. Nilihesabu siku hizo nikiwa na hofu mbili: kwamba atakuja aichukue, na kwamba atakuja asiikute. Kuvumwani sasa ilikuwa kama kisahani cha chai.

Siku moja kabla hajafika nilikwenda kwa mama kumsaidia kutayarisha. Mgeni wa kwangu ni mgeni wake, na alikuwa ameshaamua kwamba atamkaribisha kwa chai ya maziwa na majimbi ya kuchemsha. Alikaa mlangoni kwenye kibao, kisu mkononi, sufuria miguuni. Mimi nilikuwa nikizunguka jikoni nikilalamika. Nilimweleza habari za uzi, za askari, za jirani yake. Nilisema kwamba nikimkamata anayekwangua jiwe lile nitamfikisha kwa chifu, na sitojali ni nani.

Mama aliliweka jimbi chini.

"Hakuna mwizi, mwanangu," alisema. "Hayo majani ni yangu. Yanakufa kwa kiu."

Nilidhani hakusikia vizuri. Nikamwuliza yapi.

"Majani ya jiweni. Niliyaleta mimi."

Mama si wa huku. Kila mtu anajua hivyo, nami najua, ila ni jambo unalolijua kama unavyojua rangi ya mlango wa kwenu, hulitazami tena. Baba alikuwa dereva wa lori, akamwoa katika milima ya Taita akamleta Kwale, naye mama akasilimu, akajifunza kutia nazi katika kila chungu. Siku alipoondoka kwao, bibi yangu alishuka mtoni akang'oa vichipukizi vya majimbi, ili binti yake akapande kule aendako. Safari ilikuwa ndefu na ya vumbi. Bibi akabandua majani mabichi ya mawe pale pale mtoni, akavifunika mizizi, akafunga kwa jani la mgomba. Mama alipofika akatafuta mahali penye maji, akaiona chemchemi, akapanda majimbi kando yake. Yale majani ya mawe akayaweka juu ya jiwe.

"Sikuwa na maana yoyote," alisema. "Niliona tu vibaya kuyatupa."

Majimbi hayakumpa kazi, mizizi yake ilikuwa matopeni. Lakini kiangazi kilipoingia jiwe lilikauka, akaona majani yanasinyaa. Alikuwa mgeni hapa, hana ndugu, hajui lugha ya wakwe zake, na watu wakimwona hunyamaza. "Nikayaona kama mimi," alisema. "Nikawa nayamwagia kata moja kila nikiteka." Shangazi zangu walimkuta siku moja. Mke wa kutoka bara, alfajiri, peke yake, anamwagia jiwe maji! Wakaanza kumshuku. Walimwambia baba kwamba kuna kitu ameficha pale, wakaacha kula chakula chake miezi mingi. Baba hakuwasikiliza, lakini mama alijifunza. Akawa anashuka kabla ya wenzake, anamwagia haraka, anapanda. Alifanya hivyo mpaka magoti yalipomkatalia, na hakumwambia mtu.

"Mbona hukuniambia mimi?" nilimwuliza.

Alinitazama. "Una macho ya shangazi zako," alisema, bila ubaya, kisha akaendelea kumenya.

Nilitoka nje. Nilijua mara moja maana ya yale niliyoyasikia, kwani kazi yangu nimejifunza. Kuvumwani iliyoletwa na mtu si ya pale. Haihesabiwi. Haiwi ya kwanza pwani, haiwi ugunduzi, inakuwa kama mwaridi wangu wa Diani. Nikalikumbuka daftari langu na ile mimea saba. Majimbi yanaota hatua moja kutoka jiweni, majani yake ni mapana kama masikio ya ndovu, na nilikuwa nimeyasukuma kwa mkono ili nipite nikaihesabu mingine. Sikuyaandika. Nimeyala tangu sijaota meno. Kwangu hayakuwa mimea, yalikuwa chakula cha mama.

Niliporudi ndani nilifanya jambo ambalo mpaka leo likinijia kichwani hunitoka sauti, hata nikiwa peke yangu.

"Mama," nilisema, "kesho mgeni akija, usimwambie."

Mkono wake ulisimama.

"Habari za majani?"

"Za majani, na za majimbi pia. Akiyajua majimbi atayajua majani. Hilo ni jambo langu, mama. Nimelitafuta miaka mingi."

Aliyatazama majimbi sufuriani kwa kitambo. "Haya," akasema.

Mtaalamu alifika asubuhi, mwembamba, na viatu vya matope na begi dogo. Nililitazama lile begi nikikadiria ndani yake mnaweza kuingia nini. Alimsalimu mama kwa kuinama. "Shikamoo, mama." Mama akamwitikia, "Marahaba, mwanangu, karibu, karibu sana," akamketisha kwenye kiti kizuri. Chai ikamiminwa. Yule dada alilichukua jimbi, akalichovya kwenye chumvi, akauma, akafumba macho.

"Hizi nduma!" akasema. "Wallahi, sijakula nduma tamu hivi tangu nitoke kwa cucu, bibi yangu. Kwetu ziko mtoni kabisa. Huku pwani mnazipata wapi, mama?"

Niliushika ukingo wa meza. Mama hakunitazama. Alikuwa ameiweka mikono mapajani, na kucha zake zilikuwa bado nyeusi kwa utomvu wa majimbi aliyoyamenya jana.

"Sokoni, mwanangu," alisema. "Kombani pale chini."

Mama yangu hasemi uongo. Hata mtoto akidungwa sindano humwambia itauma. Sasa alikuwa amekaa nyumbani kwake, mbele ya mgeni wake, akiyakana majimbi ya mama yake, kwa sababu mimi nilimwagiza. Shangazi zangu walimfunza kunyamaza. Mimi nilikuwa nimemfunza kukana, na ilinichukua mchana mmoja tu.

"Si ya sokoni," nikasema. Sauti ilitoka kwa ukali kama ninagombana na mtu. "Ya pale chemchemini. Aliyaleta yeye kutoka Taita, na ile kuvumwani aliileta yeye, ilikuwa imefunika mizizi. Sikukuandikia majimbi. Yako hatua moja kutoka jiweni."

Yule dada aliweka kikombe chini. Sikuweza kumtazama, nikawa natazama chumvi. Nilingoja aseme kwamba nimempotezea safari, au acheke.

"Mama," akasema, na alikuwa amemgeukia yeye, si mimi, "ni mto gani? Unaukumbuka?"

Mama alinitazama kwanza. Nikatikisa kichwa kumkubalia, mimi, mtu wa kumpa mama yangu ruhusa ya kusema. Akasema. Alitaja mto, akataja upande wa mto, akaeleza mti uliokuwa ukingoni na kama maji yalikuwa baridi. Dada akaandika. Alimwuliza alikuwa akimwagia kiasi gani, naye mama akaenda kuileta kata yenyewe. Alimwuliza kama iliwahi kutoa vile vinyuzi vyekundu, mama akasema ndiyo, kila mwaka baada ya masika, na kwamba mwaka nilipozaliwa vilikuwa vingi. Nilikuwa sijawahi kumsikia mama akizungumza muda mrefu namna ile. Hakuna aliyewahi kumwuliza na kalamu mkononi.

Tuliteremka wawili. Mtaalamu alipiga magoti matopeni na lenzi yake, akakaa hapo mpaka nikachoka kusimama. Alithibitisha kwamba nilikuwa nimeitambua sawasawa. Halafu akaniambia nililokuwa nalijua: haiwezi kuandikwa kama kuvumwani ya pwani. Itaandikwa kwamba imeletwa na mtu. Ugunduzi haupo.

"Pole," aliongeza.

Iliniuma, na bado inaniuma. Kuna watu husema ukweli kisha wakajisikia wepesi. Mimi sikujisikia mwepesi, nilijisikia mtu aliyemwaga uji. Hata pale pale, huku akinifariji, jicho langu moja lilikuwa kwenye begi lake. Alichukua kipande kidogo kuliko changu, akanipa lebo na kalamu.

"Andika wewe," alisema. "Imekusanywa na wewe."

Niliandika mahali na tarehe na jiwe. Niliandika mimea saba, kisha wa nane, majimbi. Kwenye mstari wa maelezo niliandika kwamba imeletwa na mama yangu kutoka kwao, na kwamba aliimwagia maji kila alfajiri. Kwenye mstari wa mkusanyaji nilisita kidogo, nikaandika jina lake, kisha langu likafuata. Mtaalamu aliisoma. Alisema kwa kawaida hatuandiki habari za kumwagia maji. Nikamwambia basi aifute mwenyewe, nimwone. Hakuifuta.

Tulipopanda tulimkuta mama amekaa kwenye kibao chake mlangoni, kata i mapajani. Nilijitayarisha kumweleza habari za rekodi, na kwamba jina lake limo, na kwamba litawekwa mjini katika kabati lisiloingia unyevu.

"Umeyamwagia?" aliuliza.

"Mama, tumeyapima, tumeyapiga picha, na jina lako..."

"Sikuuliza hilo."

Nilikuwa sijayamwagia. Tulikaa pale nusu ya asubuhi, wajuzi wawili na lenzi mbili, maji yakipita miguuni mwetu, na hakuna aliyekumbuka. Nikaichukua kata mapajani mwake, nikashuka tena.